Baada ya Wimbledon ya Vijana: Okutoyi, Mboko na Miaka Isiyotangazwa

Mwezi Julai mwaka 2022, katika fainali ya wasichana wawili wawili ya mashindano ya vijana ya Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4, 11-9. Habari hizo zilipotufikia huku Arusha, jina lililozungumzwa kando ya viwanja lilikuwa moja tu, la Okutoyi, na lilistahili, kwa kuwa kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam, yaani la mojawapo ya mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, liwe la wakubwa au la vijana. Jina la Mboko, binti wa miaka 15 aliyekuwa upande wa pili wa wavu, hatukulishika. Tarehe 7 Agosti 2025 binti huyo alimfunga Naomi Osaka, aliyewahi kuwa namba moja duniani, katika fainali ya Montreal, mashindano ya daraja la 1000 la WTA, chama cha wanawake wa kulipwa wa tenisi, yaani daraja linalofuata moja kwa moja baada ya Grand Slam, na wale wale waliokuwa wamemshangilia Okutoyi wakaanza kuuliza amepotelea wapi.

Okutoyi hakupotea. Ila swali hilo linaonyesha jinsi tunavyouelewa vibaya mwanzo wa maisha ya mchezaji wa kulipwa wa tenisi. Tunauona ubingwa wa vijana, halafu tunauona ubingwa wa wakubwa, na kipindi kilicho katikati tunakihesabu kuwa ni muda wa kusubiri tu. Kwa maoni yangu kipindi hicho ndicho chenye habari yote, na wasichana hawa wawili, waliotofautiana kwa pointi mbili tu katika taibreka ya mwisho, yaani ile 11-9 ya pointi za kuamua mshindi, wanatusaidia kukiona kwa sababu walikipita kwa njia ambazo hazifanani hata kidogo.

Nianze na Okutoyi, kwa kuwa ni jirani yetu. Alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake Roselida Asumwa, ambaye naye ni mchezaji wa tenisi. Mama yao alifariki katika uzazi, wakalelewa na bibi yao jijini Nairobi. Kipaji chake kilipoonekana alichukuliwa na mfumo wa vituo vya mafunzo vya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, na Shirikisho la Tenisi la Afrika, akapitia kituo cha Bujumbura na baadaye cha Casablanca nchini Moroko. Msomaji wa Tanzania anapaswa kulitilia maanani hilo la Bujumbura. Wapo wanaoamini kwamba mchezaji wa Afrika Mashariki hawezi kulelewa kitenisi ndani ya Afrika Mashariki, na hali Burundi, nchi yenye misukosuko mingi kuliko yetu, ilikuwa ikiwafundisha watoto wa kanda nzima, akiwemo Sada Nahimana wa huko huko, aliyetangulia kuipita njia ya kwenda Casablanca.

Mwaka 2021 Okutoyi alishinda ubingwa wa Afrika wa vijana nchini Tunisia, na ubingwa huo ukamfungulia mlango wa Australian Open ya vijana mnamo Januari 2022. Huko Melbourne alimtoa Federica Urgesi wa Italia katika raundi ya kwanza, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, kisha akamtoa Mwaustralia Zara Larke kabla ya kusimamishwa katika raundi ya tatu. Miezi sita baadaye ikaja Wimbledon niliyoieleza hapo juu. Alikuwa na umri wa miaka 18, mwaka wake wa mwisho wa ujana kwa hesabu za tenisi.

Hapo ndipo panapohitaji maelezo, kwa sababu mtu anayefuatilia mpira wa miguu anaweza kudhani kwamba kijana aliyeng'ara hivyo husajiliwa na klabu, akapewa mshahara, nyumba na daktari. Tenisi haina usajili. Mchezaji hujilipia nauli, malazi, kocha, nyuzi za raketi na chakula, na kipato chake ni zawadi za mashindano pamoja na udhamini akiupata. Pointi alizokusanya katika mashindano ya vijana hazihamii kwenye orodha ya ubora ya wakubwa. Anaanza upya, na chini kabisa.

Huko chini ndiko yaliko mashindano ya ITF yanayotambulishwa kwa herufi na namba: W15, W35, W50, W75 na W100. Tangu mwaka 2024 namba hiyo ni pia idadi ya pointi anazopata bingwa, hivyo kwamba anayeshinda W15 hupata pointi 15 na anayeshinda W35 hupata 35. Zawadi ya fedha ya W15 ni dola 15,000, na watu wengi huliangalia fungu hilo kama kwamba ni la bingwa peke yake. Hapana. Hilo ni la washiriki wote wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayetolewa katika raundi ya kwanza huondoka na kiasi ambacho hakitoshi kulipia siku chache za hoteli, sembuse tiketi ya ndege. Ili jina liingie katika orodha ya WTA kabisa, mchezaji anatakiwa awe amepata pointi katika mashindano matatu, au awe na pointi zisizopungua 10. Tena pointi hizo hazikai milele. Kila moja hufutika baada ya wiki 52. Mwenye kuumia goti kwa miezi minane huziangalia pointi zake zikimwisha wiki baada ya wiki, hata kama hajapoteza mechi.

Sasa chukua ramani. Mashindano ya ngazi hii yamejaa Ulaya na Marekani, ambako mchezaji anaweza kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa treni na kucheza wiki tatu mfululizo. Barani kwetu yamerundikana kaskazini, hasa Monastir nchini Tunisia na katika miji ya Misri. Yamewahi kufika Nairobi pia, ambako mtu wa Arusha anaweza kwenda kwa basi kupitia Namanga akafika siku hiyo hiyo, lakini wiki moja au mbili za Nairobi hazimjengi mtu. Msichana wa Kenya au wa Tanzania anayetaka pointi za kutosha hana budi kuhamia Monastir kwa miezi, alale huko, ale huko, na acheze na wenzake wenye njaa ile ile kila Jumanne asubuhi mbele ya watazamaji wasiozidi kumi. Kwenye runinga hayaonyeshwi.

Okutoyi alichagua njia nyingine. Baada ya ubingwa wa Wimbledon ya vijana alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, akichezea timu ya chuo. Nimewasikia watu wakisema kwamba huko ni kujificha, na wengine wakasema Wamarekani wamemchukua. Mimi nasema uamuzi huo ulikuwa wa busara kupita yote aliyoyafanya, na sisemi hivyo kwa kumfariji. Mchezaji wa chuo cha Marekani mwenye ufadhili hulipiwa masomo na hupata makocha, viwanja, ukumbi wa mazoezi, tabibu wa viungo na safari za timu, vitu ambavyo mchezaji wa W15 anavinunua kwa fedha yake. Hasara ni kwamba muda wake unagawanyika kati ya darasa na uwanja, na kwamba mashindano ya chuo hayampi pointi za WTA. Anazitafuta katika likizo, ndani ya majuma machache, wakati mwenzake anayecheza mwaka mzima anazitafuta kila wiki.

Uzito wa hasara hiyo ulionekana waziwazi mwaka 2024. Mwezi Machi, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Okutoyi alishinda medali ya dhahabu ya mmoja mmoja kwa kumfunga Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri katika fainali. Dhahabu ile ilibeba nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris. Lakini ilikuwa na sharti: mshindi lazima awe ndani ya 400 bora wa orodha ya WTA ifikapo mwezi Juni. Okutoyi alikuwa nje ya idadi hiyo, na wiki zilizobaki hazikutosha kuifikia. Bingwa wa Afrika akaikosa Paris. Nchini Kenya watu walikasirika, wakalaumu viongozi, wakalaumu kanuni. Mimi naona kanuni ile ilisema tu kwa sauti jambo ambalo orodha ya ubora husema kila Jumatatu, kwamba ushindi mmoja mkubwa mahali ambapo pointi hazitolewi hauwezi kushindana na mechi arobaini ndogo mahali zinapotolewa.

Mboko alizicheza mechi hizo ndogo. Yeye alizaliwa Agosti 2006 huko Charlotte, Marekani, kwa wazazi waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akakulia Ontario nchini Kanada akiwa kitinda mimba wa watoto wanne, ambao wote walishika raketi. Mwenye ndugu watatu wanaocheza hahitaji kumtafuta wa kufanya naye mazoezi, na kwa mtoto wa miaka minane jambo hilo lina thamani kuliko kocha wa bei ghali. Baadaye aliingia katika mpango wa taifa wa Kanada, akawa chini ya Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Goti likamsumbua, akapoteza muda mwingi, na mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya 300 bora. Yaani miaka miwili na nusu baada ya fainali ile ya vijana, aliyeshindwa siku ile naye hakuwa amekwenda mbali.

Ghafla mambo yakabadilika, ingawa neno ghafla si sahihi sana. Alianzia kwenye visiwa vya Martinique na Guadeloupe, katika mashindano ya W35 ambayo hakuna mwandishi wa habari aliyeyafuatilia, akashinda yote mawili. Akaendelea. Alishinda mechi 22 mfululizo kuanzia mwanzo wa mwaka bila kupoteza hata seti moja. Ninawaomba wasomaji wasiipite idadi hiyo haraka. Kumfunga mchezaji bora siku moja ni jambo ambalo wengi wenye kipaji huliweza. Kumfunga mchezaji wa nafasi ya 450 siku 22, wengine kwenye upepo, wengine wakati mwili umechoka na hoteli haina maji ya moto, na kutokuruhusu hata mara moja mechi ifike seti ya tatu, huo ni ukomavu wa aina nyingine kabisa. Mwezi wa Machi akaongeza taji la W75 huko Porto, Ureno.

Kisha ikaanza sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayoniuma kidogo ninapoifikiria nikiwa Arusha. Miami walimpa mwaliko maalumu, akashinda mechi yake ya kwanza ya mzunguko wa WTA dhidi ya Camila Osorio, halafu akampeleka Paula Badosa, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, hadi taibreka ya seti ya tatu. Roma alipitia mechi za mchujo, akaingia, na akamnyang'anya Coco Gauff seti ya kwanza kabla ya kushindwa. Paris, kwenye Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, akashinda tena mechi zote za mchujo na kufika raundi ya tatu ambako alisimamishwa na Zheng Qinwen. Wimbledon alitolewa katika mchujo, lakini mchezaji mmoja akajitoa naye akaingizwa kuziba pengo, akashinda raundi moja. Kwa wasiojua utaratibu wa Grand Slam: kati ya nafasi 128 za wanawake, 104 hutolewa kwa kufuata orodha ya ubora, 16 kwa washindi wa mchujo, na 8 kwa waalikwa. Waalikwa hao wengi wao huwa raia wa nchi mwenyeji. Nchi zenye Grand Slam ni nne, Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani, na tatu kati yake hubadilishana mialiko. Sisi hatumo katika mazungumzo hayo, wala Kanada haimo. Lakini Kanada ina mashindano yake makubwa, na hapo ndipo penye tofauti.

Montreal ilimwalika Mboko kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Alikuwa nafasi ya 85 duniani. Akamfunga Sofia Kenin, aliyewahi kuwa bingwa wa Australia. Akamfunga Gauff, aliyepangwa namba moja katika mashindano hayo, kwa 6-1, 6-4. Katika nusu fainali dhidi ya Elena Rybakina alipoteza seti ya kwanza 1-6, akaanguka na kuumiza mkono, akaokoa pointi ya mechi, yaani pointi moja ambayo ingempa Rybakina ushindi, akashinda 7-5 na 7-6. Fainali ikawa 2-6, 6-4, 6-1 dhidi ya Osaka. Alikuwa na umri wa miaka 18, na Jumatatu iliyofuata akapanda hadi nafasi ya 24. Zawadi yake ilizidi dola 750,000, fedha ambazo mshindi wa W35 hawezi kuziona hata akishinda mashindano hayo kila wiki ya mwaka.

Simwondolei Mboko chochote ninapoutaja mwaliko. Mwaliko humwingiza mtu uwanjani; haumfungi Gauff. Wapo wachezaji wengi wa Kanada waliopewa nafasi hiyo hiyo miaka iliyopita wakatolewa siku ya kwanza. Baada ya hapo alitolewa raundi ya kwanza ya US Open, jambo lililowapa watu nafasi ya kusema kwamba alibahatisha, na mwezi Novemba akawajibu kwa kushinda taji la Hong Kong. Hoja yangu ni nyembamba zaidi: alipokuwa tayari, mlango ulikuwa karibu. Kwa Okutoyi, hata siku atakapokuwa tayari kiasi hicho hicho, mashindano ya WTA ya barani kwetu yako Rabat, ng'ambo ya Sahara, na Rabat watamwalika binti wa Moroko kwanza, kama ambavyo nasi tungefanya.

Nayaandika haya kwa sababu kuna mama mmoja hapa Arusha, mwenye binti wa miaka 11 anayecheza vizuri sana, ambaye aliniambia baada ya fainali ile ya Montreal, "Mwalimu, nataka umpangie mwanangu njia kama ya yule Mboko." Nilimwambia, "Mama, njia ya Mboko imejengwa Kanada. Tuangalie ya Okutoyi, halafu tuone wapi tunaweza kuifupisha." Hakufurahi, lakini alikaa tukazungumza.

Kuna mambo ambayo Arusha inayo bila kuyalipia. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kwa kanuni za ITF mashindano yanayofanyika juu ya mita 1,219 yanaruhusiwa kutumia mipira maalumu ya mwinuko, kwa kuwa mpira wa kawaida hupaa na kukimbia kupita kiasi katika hewa nyepesi. Watoto wetu hucheza na mpira wa kawaida, mara nyingi uliochakaa, na hivyo hujifunza mapema kuuzungusha ili usitoke nje. Wakishuka Dar es Salaam huuona mpira mzito na kushangaa kwa nini mapigo yao hayafiki. Marekebisho hayo huchukua siku mbili tatu, na kocha asiyeyajua humlaumu mtoto bure. Moshi, iliyo chini yetu kwa mamia ya mita, haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, na ndiyo sababu mimi hupenda watoto wa Arusha waende kucheza Moshi kabla ya kwenda pwani.

Ambacho hatuna ni wapinzani. Binti wa mama huyu amewafunga wasichana wote wa rika lake anaowafahamu, na sasa anacheza na wavulana, na baadhi ya wazee wa klabu ambao humwachia pointi kwa upole. Hilo la kumwachia lina madhara kuliko kumfunga. Mboko alikuwa na kaka wawili na dada mmoja wasiomwachia chochote. Okutoyi alikuwa na pacha wake, kisha bweni zima la Bujumbura na la Casablanca.

Kwa hiyo tulikubaliana yafuatayo. ITF huwaruhusu vijana kuanza mashindano yake wakiwa na miaka 13, na ngazi ya chini kabisa, inayoitwa J30, huchezwa Nairobi pia. Ana miaka miwili kabla ya hapo. Katika miaka hiyo fedha ambayo mama alitaka kuitumia kumpeleka kambi ya mwezi mmoja Hispania itagharimia safari za Nairobi wakati wa likizo za shule, acheze mashindano ya watoto ya huko dhidi ya wasichana asiowajua, na wazee wa klabu nimeshawaomba wamfunge wanapoweza. Masomo hayaguswi, kwa sababu vyuo vya Marekani vinataka matokeo ya kidato cha nne na cha sita kama vinavyotaka mapigo. Mama aliniuliza ni lini atajua kama mtoto ataweza. Nikamwambia tukutane tena baada ya J30 ya kwanza, na aje na risiti zote za safari, tuone mwaka mmoja wa namna hiyo unagharimu nini.